Gari la umeme hapa Uingereza: uzoefu wangu wa kulimiliki, kulikodi na kulichaji

Kila tukikutana kwenye harusi au msiba, ndugu wa hapa Uingereza huniuliza swali lile lile: hilo gari la umeme lina nafuu kweli, au ni maneno ya wauzaji? Nami huwauliza kwanza: gari lako linalala wapi? Kama una maegesho yako mwenyewe yaliyogusana na nyumba, nafuu ipo, tena kubwa. Kama unaishi ghorofani na gari linalala barabarani, hesabu inageuka kabisa, na ni bora uijue kabla hujasaini chochote.

Mimi ni muuguzi, naishi Milton Keynes. Gari langu la kwanza la umeme lilikuwa Nissan Leaf ya mtumba, nikainunua kwa fedha zangu. Sasa naendesha MG4 yenye betri ya kilowati-saa 64, niliyoikodi kwa mkataba wa miaka mitatu kupitia kazini. Kwa hiyo njia zote mbili nimezipita.

Nianze na umeme, maana ndiko faida au hasara ilikojificha. Kilowati-saa ndiyo uniti ile ile tunayonunua nyumbani Tanzania kwa mita ya LUKU. Kwangu nina mpango wa kampuni ya umeme ya Octopus wa wenye magari ya umeme: kuanzia saa tano na nusu usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, uniti moja inauzwa takriban peni 7. Mchana bei inapanda karibu mara nne. Kuijaza betri kutoka karibu tupu kunanigharimu kama pauni 5, ukihesabu na umeme unaopotea njiani. Kwa pauni 5 hizo natembea zaidi ya maili 200 hali ya hewa ikiwa nzuri, yaani peni 2 na ushee kwa maili. Gari la petroli la kawaida, mafuta yakiwa pauni 1.35 kwa lita, linakula kama peni 15 kwa maili. Hapo huhitaji kushawishiwa.

Sasa chukua gari hilo hilo ulichajie kwenye chaja za kasi za pembeni ya barabara kuu. Huko uniti inafika peni 80, mahali pengine zaidi. Betri ile ile ya pauni 5 inakuwa ya pauni 50, na maili moja inapita peni 20. Umeshapitwa na mwenye petroli. Tena kuna jambo linaloniudhi kwa dhati: umeme wa nyumbani unatozwa VAT ya asilimia 5, wa chaja za barabarani unatozwa asilimia 20. Mwenye nyumba yenye maegesho analipa kodi kidogo, mpangaji wa ghorofani analipa kubwa, kwa umeme ule ule. Sioni haki yake.

Kuweka chaja nyumbani kuna mambo ambayo tangazo halikwambii. Fundi alipokuja hakuliangalia gari wala ukuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye kasha la mita, akamulika tochi kwenye fyuzi kuu, akasoma namba: ampea 60. Kisha akauliza nyumba ya jirani ilijengwa pamoja na yetu? Ndiyo. Akafuatisha waya, akakuta umeme wetu unapitia kwanza kwa jirani ndipo unakuja kwetu. Nyumba nyingi za zamani zimeunganishwa hivyo, na chaja ya kilowati 7 inayovuta umeme usiku kucha ni mzigo mkubwa kwa waya wa watu wawili. Ikabidi kampuni inayomiliki waya za mtaa ije ichimbe mbele ya nyumba na kutenganisha. Hawakunitoza kitu, lakini nilisubiri wiki kadhaa, na jirani ilibidi akubali. Chaja yenyewe na kazi ya fundi vilifika karibu pauni 1,000. Kama umepanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya maandishi, halafu ulizia ruzuku ya serikali kwa wapangaji na wenye flati ambao wana maegesho yao.

Wakati nasubiri nilitumia waya wa kawaida unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani. Unafanya kazi, ila taratibu mno: kilowati 2.3 tu, maana yake betri kubwa inahitaji zaidi ya siku nzima kujaa. Kwa mtu wa maili 20 kwa siku unatosha. Ila usitumie waya wa kuunganishia wa bei rahisi, unapata moto.

Kwetu tunaofanya kazi za zamu kuna la ziada. Saa za umeme rahisi ni zile zile ambazo mimi niko wodini usiku. Gari liko kwenye maegesho ya hospitali, chaja yangu iko nyumbani haina kazi. Kinachoniokoa ni ukubwa wa betri: nachaji usiku wa mapumziko, nabeba wiki nzima ya zamu. Ukiwa wa zamu za usiku, usichukue gari la betri ndogo eti kwa sababu kazini ni karibu. Mashine ya kufulia nayo nimeihamishia saa hizo za usiku, na bili ya nyumba nzima imepungua.

Baridi inakula betri, hilo ni kweli. Wakati wa kiangazi MG4 hunipa maili 240 za uhakika. Karatasi ilisema 281. Januari, hita ikiwaka na mvua ikinyesha, nategemea 180. Lakini kuna raha moja ambayo wenye petroli hawaijui. Kabla ya zamu ya asubuhi naliamuru gari kwa simu lijipashe moto likiwa bado kwenye chaja. Nikitoka, barafu ya kioo imeshayeyuka, usukani una joto, na umeme uliotumika ni wa peni 7. Kwa mtu aliyezaliwa Tanga, hilo ni jambo la kushukuru.

Safari ndefu zinahitaji mipango. Twende Leeds kwenye msiba, kama maili 150 kutoka kwangu: kiangazi nafika bila kusimama, baridi nasimama mara moja njiani. Chaja ya kasi si kitu cha kuogopa. Unarudi kinyumenyume hadi karibu na mashine, unashusha waya mnene, mzito kama bomba la zimamoto, unausukuma hadi usikie “klak”, unagusisha kadi ya benki. Feni zinaanza kuvuma. Tazama namba kwenye kioo: betri ikiwa baridi itaanza kilowati 40 hivi hata kama mashine imeandikwa 150, kisha itapanda pole pole. Ikifika asilimia 80 kasi inaporomoka. Chomoa, ondoka, mpishe mwenzako. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda karibu sawa na zile zote za kabla yake.

Zamani ilibidi uwe na programu kumi kwenye simu, kila kampuni na yake. Sheria ya mwaka 2023 imesaidia: chaja za kasi lazima zipokee kadi ya benki, bei iandikwe wazi kwa peni kwa uniti, na kuanzia Novemba 2024 mitandao ya chaja za kasi inatakiwa iwe inafanya kazi asilimia 99 ya muda. Tesla nao, tangu Mei 2022, wamefungulia magari mengine baadhi ya vituo vyao, na mara nyingi ndiko ninakokimbilia kwa sababu mashine ni nyingi pamoja. Bado nimewahi kufika usiku kwenye kituo kimoja cha barabara kuu nikakuta mashine mbili zimekufa na foleni ya watu wenye watoto wanaolia. Kwa hiyo sifiki kituoni nikiwa na chini ya maili 40, na sitegemei kituo chenye mashine moja au mbili.

Binamu yangu anaishi London mashariki, ghorofa ya tatu. Yeye anachaji kwenye taa ya barabarani. Ndiyo, baadhi ya halmashauri za London zimeweka soketi ndani ya nguzo za taa, kilowati 5 hivi, unachomeka usiku na kuacha. Ni jambo zuri sana, ila bei ni ya barabarani, si ya nyumbani, na nguzo yenyewe ukikuta mtu ameegesha hapo na gari la dizeli, usiku umekwisha. Yeye haokoi fedha kwenye umeme. Alichofuata ni kutolipa pauni 12.50 kwa siku za ULEZ, tozo ya magari yanayochafua hewa, ambayo tangu 29 Agosti 2023 imefika kila kona ya London, maana gari lake la zamani lilikuwa dizeli. Hata petroli ya miaka ya karibuni ingemwondolea tozo hiyo, na nilimwambia hivyo.

Sasa mkataba wa kazini. Mwajiri anakodi gari, wewe unakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi. Bima, matengenezo, matairi na msaada wa njiani vimo humo humo. Serikali inakutoza kodi kwa faida ya kupewa gari, ikihesabu asilimia ndogo ya bei ya gari: asilimia 3 katika mwaka wa kodi wa 2025/26, na 4 kuanzia Aprili 2026. Gari la pauni 30,000, kwa mtu wa kodi ya asilimia 20, kwa ile asilimia 3 ilikuwa pauni 180 kwa mwaka, pauni 15 kwa mwezi. Kwa mgeni ambaye hajajenga historia ya mikopo hapa, njia hii ni mlango, kwa sababu anayekodi ni mwajiri. Na bima! Waliofika karibuni wanajua bima binafsi ya mwaka wa kwanza inavyouma.

Lakini soma vizuri. Ukatwaji hauruhusiwi kukushusha chini ya mshahara wa chini wa kisheria, uliokuwa pauni 12.21 kwa saa mwaka 2025/26, na 12.71 kuanzia Aprili 2026. Ndiyo maana wengi wanaofanya kazi za kea, yaani kutunza wazee na wagonjwa, ambao mshahara wao unagusa kiwango hicho, wanakataliwa. Kwenye NHS, huduma ya afya ya serikali, mshahara unaohesabiwa kwa pensheni nao unapungua. Ukiacha kazi katikati unaweza kudaiwa gharama ya kuvunja mkataba, kwa hiyo kama viza yako inaisha kabla ya mkataba, uliza hilo kwanza. Maili zimewekewa kikomo; mimi nilichagua 10,000 kwa mwaka, na kila maili ya ziada ina bei yake. Na ukirudisha gari, mikwaruzo inakaguliwa kwa taa.

Kwa ndugu wa kea wanaozunguka nyumba za wazee kutwa, mimi naona la mtumba ni bora, hata mkataba ukipatikana. HMRC, mamlaka ya kodi, inaruhusu mwajiri akulipe hadi peni 45 kwa maili bila kodi kwa maili 10,000 za kwanza kama gari ni lako, na la umeme linahesabiwa sawa na la petroli. Mwajiri akilipa chini ya hapo, unaweza kuomba nafuu ya kodi kwa tofauti. Wewe gharama yako ya umeme ni peni 2. Ukiwa na gari la mwajiri, haki hiyo huna. Unarudishiwa peni chache tu za umeme.

Leaf yangu ilinitumikia vizuri mjini. Ukienda kuinunua, washa gari na utazame vijipande vidogo pembeni ya kipimo cha chaji: vikiwa 12 betri ni nzima, kila kinachopotea ni uwezo uliokwenda moja kwa moja. Plagi yake ya kasi ni ya CHAdeMO, ilhali vituo vipya hapa vinajengwa kwa plagi ya aina nyingine, CCS, kwa hiyo ni gari la mji na nyumbani, si la kwenda Scotland.

Kodi zinakuja. Tangu Aprili 2025 magari ya umeme yanalipa kodi ya barabara, iliyoanza na pauni 195 kwa mwaka kwa mengi yaliyosajiliwa baada ya Aprili 2017. Tangu 25 Desemba 2025 hatuingii tena bure katikati ya London. Na serikali imetangaza peni 3 kwa kila maili kuanzia Aprili 2028. Kwangu, maili 10,000 ni pauni 300 kwa mwaka. Itauma, ila maili yangu bado itakuwa peni 5 na ushee. Kwa binamu yangu wa nguzo ya taa, itamaliza sababu yake ya mwisho, na ameshaniambia gari lijalo litakuwa haibridi, la petroli na umeme pamoja.

Mkataba wangu ukiisha, MG4 inarudi kwao, nami nanunua la mtumba lenye CCS na betri ambayo bado iko ndani ya dhamana, ambayo kwa watengenezaji wengi ni miaka 8 au maili 100,000. Magari yaliyotoka kwenye mikataba kama wangu yamejaa sokoni, na bei zake zimeshuka. Chaja iko ukutani tayari.