Rangi ya unga kwenye Honda CG125 ya zamani: wapi uikubali, wapi uikatae

Honda CG125 ilitoka mwaka 1976. Ilibuniwa kwa nchi ambako pikipiki ni ya kazi na si ya matembezi, na ndiyo maana injini yake inasukuma vali kwa fito badala ya cheni. Injini nyingi za Kichina zilizokuja kwenye bodaboda zimeigwa humo humo. Zile za miaka ya mwanzo bado zinapatikana uani kwa watu, na kwa kawaida injini inafufuka kabla ya fremu: kutu huwa imekula chini ya boksi la betri, kwenye mguu wa stendi na pale uma wa nyuma (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) unapojifunga. Hapo ndipo swali linapokuja. Fremu ipigwe rangi ya kawaida ya kupulizia, au ipelekwe kwenye rangi ya unga inayookwa kwenye oveni?

Jibu letu: fremu, uma wa nyuma, stendi zote mbili, boksi la betri, mabano na kasha la mnyororo viende kwenye unga bila kusita. Tangi lisiende. Shokapu zisikaribie kabisa oveni, kwa sababu mafuta na shinikizo vilivyofungiwa ndani vikichemshwa vinaweza kuzipasua. Kuhusu huduma yenyewe, karakana nyingi tunazozijua zina oveni nzuri na maandalizi hafifu. Kwa hiyo lipia kupuliza na kuoka. Kuvua, kusafisha na kuziba fanya mwenyewe, au msimamie fundi wako akifanya.

Udhaifu huo una sababu. Karakana hizi zinaishi kwa madirisha ya aluminiamu, mageti, milango ya chuma na samani za ofisi. Dirisha halina beringi wala meno ya nati ya kulinda, na kiti cha ofisi hakikai juani. Unga wa samani za ndani mara nyingi ni mchanganyiko wa epoksi na poliesta. Epoksi inashika chuma vizuri na haiogopi mafuta, lakini jua huifanya ichujuke na kutoa vumbi jeupe kama chaki. Kwa jua letu, fremu inataka poliesta ya nje. Usiulize tu kama wanayo nyeusi. Omba uoneshwe boksi la unga na usome lebo: aina, namba ya rangi, kiwango cha mng'ao, joto na muda wa kuoka. Nyeusi iliyozoeleka kwenye RAL, orodha ya namba za rangi, ni 9005, lakini namba hiyo haisemi kitu kuhusu mng'ao. Kuna 9005 inayong'aa kama kioo na kuna 9005 iliyofifia kabisa. Fremu ya CG nyeusi ilikuwa inang'aa, kwa hiyo taja mng'ao mkubwa, la sivyo utarudishiwa fremu yenye sura ya geti.

Kwenye oveni, kosa moja linajirudia: saa inaanza kuhesabiwa mlango unapofungwa. Poliesta nyingi hutaka takribani dakika 10 kwenye nyuzi 200 za Selsiasi, na hizo ni nyuzi za chuma chenyewe, si za hewa ya oveni. Kasha la mnyororo ni bati jembamba, linafika joto hilo mapema. Shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, ni chuma kinene kilichochomelewa vipande juu ya vipande, nayo huchelewa sana. Vikiokwa pamoja kwa muda ule ule, ama kasha litapikwa kupita kiasi ama shingo itatoka mbichi. Unga mbichi unaonekana mzuri siku ya kwanza, kisha unameguka vipande kokoto la kwanza likiupiga. Mwambie fundi apime joto kwenye shingo, na vipande vyembamba viingie oveni kwa awamu yao.

Sasa tuje kwenye kupiga mchanga, yaani kuurusha kwa hewa ya kompresa ukwangue chuma, maana kazi nyingi hufia hapa. Rangi ya zamani na kutu lazima vitoke mpaka chuma kiwe cha kijivu kisichong'aa. Wenye kompresa pwani hujaribiwa kutumia mchanga wa ufukweni. Ukatae. Una chumvi, chumvi inabaki kwenye vitundu vya chuma, na baada ya miezi michache utaona malengelenge chini ya rangi bila hata mkwaruzo. Mchanga wowote wenye silika, hata wa mtoni, unaua mapafu ya anayepuliza. Ganeti au oksidi ya aluminiamu ndiyo ya kutumia, na barakoa ya kweli, si kitambaa. Kabla ya kupiga, osha grisi kwanza. Mchanga hauondoi grisi, unaishindilia tu kwenye chuma, na oveni itaitoa baadaye katikati ya rangi yako.

Fremu ikishapigwa, isishikwe kwa mikono mitupu. Jasho la vidole linaacha alama ya kutu. Kwa unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, chuma kilicho uchi hakingoji kesho: ndani ya saa chache kinaanza kuwa na wekundu. Panga mchanga asubuhi na unga siku hiyo hiyo. Karakana yenye dawa ya fosfeti au praima ya unga yenye zinki inafaa kupewa kipaumbele hata kama bei imezidi, hasa kwa pikipiki itakayokaa pwani. Na kabla ya kuoka, geuza fremu kila upande, igonge kwa nyundo ya mpira, puliza hewa kwenye kila tundu. Mchanga unajificha ndani ya mabomba, na ukisahaulika utadondoka taratibu kwenye gololi za shingo ulizozinunua jana.

Pati ya kawaida ya gereji haivumilii nyuzi 200. Inavimba na kupasuka, na rangi inapanda nayo. Shimo la kutu kwenye fremu lizibwe kwa kuchomelea na kusagwa, si kwa pati. Vitundu vidogo vya kutu kwa kiasi fulani unga utavipunguza, lakini hautavifuta. Tangi nalo lina hatari tatu. Matangi mengi ya umri huu yamezibwa kwa risasi ya kulehemu, na risasi ya kawaida inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, yaani kabla unga haujaiva. Mvuke wa petroli uliobaki ndani ya tangi kavu unaweza kulipuka. Na hata tangi zima likinusurika, uso wa unga mara nyingi una vinundu vidogo kama ganda la chungwa, unaosumbua ukitaka kuweka mistari na nembo. Tangi lipigwe 2K, rangi ya kupulizia inayochanganywa na hadena ili igande, kisha vanishi juu ya nembo. Madigadi na ringi zenye kromu pia ziache: unga haushiki juu ya kromu laini, unabanduka kama ngozi ya nyoka.

Kuziba ndiko kunakotenganisha kazi ya pikipiki na kazi ya dirisha. Tabaka la unga lina maikroni 60 hadi 100 (maikroni 1,000 ni milimita moja). Inaonekana ni kitu kidogo, ila piga hesabu. Tundu lililopakwa maikroni 80 kila upande limepungua kwa milimita 0.16, na pini ya stendi iliyokuwa inateleza haiingii tena. Kwenye mabano ya injini ni zaidi: nafasi kati ya masikio mawili ya fremu imepungua 0.16, bamba linaloingia hapo limenenepa 0.16, jumla milimita 0.32. Fundi atalazimisha kwa nyundo, na rangi mpya itachubuka siku ya kwanza kabisa.

Viziba vya silikoni vya umbo la koni, na utepe wa poliesta wa kijani uliotengenezwa kuvumilia joto, ndivyo vinavyotakiwa. Utepe wa karatasi wa mafundi rangi unaungua na kuacha gundi iliyoganda. Ziba matundu ya beringi na bushi za uma, matundu ya pini za stendi, meno yote ya ndani, nyuso ambazo bamba za injini zinakaa, na mahali waya wa athi unapofungwa. Bushi zote za mpira zitolewe kabla, hakuna inayotoka salama kwenye oveni.

Vikombe vya gololi kwenye shingo vina ushauri unaopotosha watu. Utaambiwa uviache vile vya zamani kama kizibo, uvitoe baadaye. Nyuma ya vikombe hivyo kuna grisi ya miaka 40. Oveni ikipata joto, grisi inayeyuka, inachuruzika juu ya unga ambao haujashika, na inaacha mfereji mtupu mbele ya shingo, mahali jicho linapotua kwanza. Vitoe, safisha kwa thina, ziba kwa silikoni. Na sehemu ya kukalia kikombe isiachwe ikaingia unga, maana kikombe kikishindiliwa juu ya rangi kitakaa mshazari, au rangi itasagika polepole na usukani uanze kulegea.

Namba ya fremu izibwe kwa utepe. Iko shingoni, imegongwa kwa kina kidogo, na tabaka nene la unga linaijaza isisomeke. Hata mchanga uipite kwa mbali na kwa shinikizo dogo. Siku ya kubadilisha umiliki, mkaguzi akikuta namba haisomeki hatajali rangi inang'aa vipi. Piga picha ya namba kabla ya kazi, kisha baada ya kuoka ondoa utepe na uipake rangi nyembamba ya brashi.

Tukiwa hapo hapo shingoni, kuna pembe ambazo unga unakataa kuingia. Bunduki inachaji chembe za unga kwa makumi ya kilovolti, na chembe hizo hukimbilia kingo za nje zilizo karibu, zikiyaacha makutano ya ndani yakiwa na rangi nyepesi. Fundi mzuri anaanza na pembe hizo kwa volti ndogo na hewa kidogo, ndipo anaenda kwenye mabomba. Fundi mvivu anamaliza mabomba kwanza, kisha anamwaga unga pembeni mpaka unene wa mabomba unazidi na uso unakuwa na mawimbi. Athi ya kipande nayo ni ndoano kinakotundikwa: ikiwa imejaa rangi ya kazi za jana, umeme hauendi na unga unaanguka sakafuni.

Aluminiamu ya kumimina, kama habu na vifuniko vya injini, inahitaji subira. Vitundu vyake vimenyonya mafuta kwa miongo. Vioke vikiwa uchi kwanza, joto likizidi kidogo lile la kuivisha unga, kwa nusu saa au zaidi, vifutwe, ndipo vipigwe unga. Bila hivyo utapata vishimo kama vya sindano uso mzima. Kwa mapezi ya silinda hatushauri unga hata kidogo. Rangi nyembamba ya joto inatosha, na haizibi njia ya joto kutoka.

Unapokwenda kuchukua kazi, nenda na tochi, pamba na thina. Chagua mahali pasipoonekana, kama chini ya kiti, usugue kwa pamba iliyolowa mara 30 hivi. Mng'ao kupungua kidogo si tatizo. Pamba ikitoka nyeusi kabisa na rangi ikawa laini chini ya ukucha, haikuiva, irudishwe oveni kabla hujalipa. Mulika tochi kwenye makutano ya shingo na chini ya bomba la mbele. Ingiza pini ya stendi na bolti za injini pale pale, kwa mkono. Rangi nyeupe ikigeuka manjano ujue imepikwa kupita kiasi. Nyeusi haikuoneshi hilo, kwa hiyo tegemea zaidi muda ulioandikwa kwenye boksi.

Kasoro kubwa ya unga ni ukarabati. Rangi ya kupulizia ikichubuka unapiga msasa na kupaka tena. Unga ukipasuka, maji yanapita chini yake na kutu inatambaa bila kuonekana, na kiraka cha brashi kitajulikana daima. Kuuvua upya ni shida zaidi, kwa sababu ni mgumu na una unyumbufu, mchanga unadunda juu yake. Ndiyo sababu kila kuchomelea kuishe kabla: masikio ya kifuniko, kipande cha kufunga honi, mguu wa stendi uliopinda.

Wakati wa kufunga, kumbuka fremu sasa imevaa kihami umeme. CG za mwanzo zilikuwa za volti 6, na kwa volti 6 kila upotevu kwenye athi unaonekana: taa hafifu, honi inayokohoa. Sehemu ya athi uliyoiziba ifungwe kwa washa ya meno, ipakwe grisi kidogo, na waya wa pili upelekwe kutoka betri hadi kwenye injini. Bolti zinazobana juu ya rangi hulegea, kwa kuwa unga unasinyaa polepole chini ya washa. Zikaze tena baada ya kilomita 100, injini ikiwa imepoa, ukianza na bolti za injini na nati ya shafti ya uma wa nyuma.