Uzoefu wangu na kipimo cha haraka cha dengi, Dar es Salaam

Kipimo chenyewe nakikubali. Nilipima kwenye maabara binafsi huku Sinza, masika yakielekea ukingoni, homa imenibana na macho yanauma kwa nyuma kila nikiyageuza. Malaria ilikuwa imeshapimwa, haikuonekana.

Dada wa maabara alifungua pakiti mbele yangu, akatoa kidude cheupe cha plastiki chenye vidirisha viwili. Kimoja kinatafuta NS1, protini ya kirusi chenyewe, inayoonekana siku za mwanzo za homa. Cha pili kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, na ambazo huchelewa kujitokeza. Akadondosha damu, akaongeza matone ya dawa, tukasubiri. Mstari wa NS1 ulianza kwa mbali, mwekundu hafifu, ukakolea. Kwenye kidirisha cha pili ukabaki ule mstari mmoja tu unaoonyesha kipimo ni kizima.

"Pole kaka, ni dengi, na bado changa. Diklofenaki na aspirini usiguse, zinaweza kukuletea kutoka damu. Panado na maji mengi."

Kwa maelezo hayo tu, hela niliyolipa naona ni halali yao.

Kinachoniuma ni kwamba kipimo kinaishia kwenye "unayo". Dengi ziko aina nne, na hiki hakisemi ni ipi. Ukiugua moja unapata kinga ya kudumu dhidi ya hiyo hiyo. Ukija kupata nyingine, hatari ya kuzidiwa inaongezeka. Sisi wa Dar linatuhusu hasa: mlipuko wa 2014 ulikuwa wa aina ya 2, ule wa 2019 ukatawaliwa na aina ya 1. Aliyeugua Kinondoni ule mwaka wa kwanza hakuwa salama mwaka wa pili. Tena kirusi hiki kinabadilika kila kinapojinakili, hata ndani ya aina moja kuna koo mbalimbali, na wataalamu wakisoma vinasaba vyake wanaweza kutambua kama kimejificha hapahapa mjini au kimeingia upya na wasafiri. Damu yangu, iliyobeba habari hizo zote, ilitupwa kwenye ndoo ya taka.

Ukienda, wahi homa ikiwa mpya, na uliza kabla ya kulipa kama wanapima vyote viwili, maana kuna wanaopima NS1 peke yake. Karatasi ya majibu itunze ikiwa na tarehe. Yangu iko pamoja na kadi ya kliniki, ili homa nyingine ikija daktari ajue nilishaugua.