OsmAnd kwenye mgongo wa Nyandarua: inafaa hadi wapi?

Kati ya kilele cha Satima (mita 4,001) na cha Kinangop (mita 3,906) kuna takriban kilomita 40 za mgongo wa milima ya Aberdare, yaani Nyandarua, nchini Kenya, na sehemu kubwa yake haina kijia cha kufuata. Anayetaka kuuvuka inambidi achore njia yake mwenyewe. Wengi hukimbilia OsmAnd, programu ya ramani ya simu, kwa sababu inafanya kazi bila mtandao. Ni programu nzuri, ila kasoro zake hazionekani mpaka uwe umeshafika juu.

Toleo la bure la Google Play linaruhusu kupakua ramani 7 tu, na kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, ni za kulipia. Lipa. Bila kontua utabaki unatazama kijani kitupu chenye vijito. Pakua ramani ya Kenya, kontua zake, na tabaka la mteremko linalopaka rangi pale mwinuko unapokuwa mkali. Maliza yote haya nyumbani, kisha zima data uone kama kila kitu kinafunguka.

Kwenye kifaa cha kupanga njia, jambo la kwanza ni kuchagua mstari ulionyooka. Ukiiacha kwenye hali ya mwenda kwa miguu, programu itasaka kijia au barabara yoyote iliyochorwa, na pointi mbili za kila upande wa bonde zitaunganishwa kwa mzunguko wa ajabu. Weka pointi kila unapobadili mwelekeo, na kila mita 500 hivi hata kama hakuna kona. Kisha fungua grafu ya mwinuko na ukague kila mahali inaposimama wima.

Tatizo kubwa liko kwenye kontua zenyewe. Kwa eneo hili zinatokana na vipimo vya rada vya SRTM, vilivyochukuliwa kutoka angani Februari 2000, na kila kipimo kinawakilisha kipande cha ardhi cha mita 30 hivi kwa 30. Genge la mita 15 linaweza kumezwa humo likaonekana mteremko wa kawaida. Miamba ya Dragon's Teeth, kaskazini mwa Satima, kwenye ramani ni vilima vya upole; ukisimama mbele yake ni kuta. Rada hiyo pia haikufika chini kila mahali: kwenye mianzi na msitu mnene ilipima karibu na vilele vya mimea. Ndiyo maana ukingo wa msitu huonyesha ngazi ambayo ardhini haipo.

Dawa yake ni ramani za karatasi za 1:50,000 za Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji. Barabara zake nyingi zimepitwa na wakati, lakini magenge hayajahama. Angalia pambizo ujue kontua ziko kwa futi au mita. Halafu kuna mtego unaowanasa hata wazoefu: karatasi hizo hutumia mfumo wa zamani wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, simu hutumia mwingine, WGS84. Ukisoma namba za gridi kwenye karatasi na kuziingiza kwenye simu vilevile, pointi itaangukia karibu mita 300 kaskazini ya mahali halisi. Kwenye ukungu, mita 300 ni bonde lingine kabisa. Badilisha kwanza kwa QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kutoka EPSG:21037 (namba ya mfumo wa karatasi) kwenda EPSG:32737 (wa simu).

Muda unaokadiriwa na programu usiutegemee. Kanuni ya zamani ya Naismith ya kukadiria muda wa kutembea mlimani ni saa moja kwa kilomita 5, pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda, lakini hiyo ni kwa ardhi inayokanyagika. Huku kuna mafundo ya nyasi yanayofika magotini, na maji katikati yake. Panga kilomita 1.5 hadi 2 kwa saa ukiwa na shanta. Picha za setilaiti husaidia kukwepa vinamasi, ambavyo OsmAnd mara nyingi haina.

Njia za kutorokea zichore mapema, kila moja kama faili lake la GPX, aina ya faili la kuhifadhi njia. Barabara inayokatiza hifadhi kutoka geti la Mutubio kuelekea Nyeri ndiyo ya kutegemewa katikati ya safari. Kukata moja kwa moja mashariki kwa kufuata kijito ni kosa: utaishia kwenye makorongo na mianzi, ambako saa nzima inaweza kukupa mita mia chache tu.

Kutembea ndani ya hifadhi kunahitaji idhini ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) na askari mwenye silaha, kwa sababu ya nyati na tembo. Mpe askari huyo mchoro wako kabla ya siku ya kuondoka, kwani anaweza kukataa bonde zima kwa sababu ambayo haimo kwenye ramani yoyote.

Kwa kuchora na kufuata njia, OsmAnd inastahili nyota 4 kati ya 5. Kwa kuamua kama mteremko unashukika, 2. Usiku ni baridi kali na betri hushuka haraka: weka simu kwenye hali ya ndege (GPS itaendelea kufanya kazi), lala nayo ndani ya begi la kulalia, na beba dira.