Kalamu ya kupimia almasi na lenzi ya sonara: uzoefu wangu

Hutumia vyote viwili nikisaidia watu kuchagua pete kwa masonara wa Mombasa. Nikiambiwa nibaki na kimoja, kalamu naiacha.

Kalamu huvutia kwa taa na mlio, lakini inapima kitu kimoja tu: jinsi jiwe linavyopitisha joto. Kioo na zirkonia, jiwe bandia la bei nafuu linalofanana na almasi, hunaswa papo hapo. Moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, hupita, kwa kuwa nayo hupitisha joto vizuri. Kuibaini kunataka kifaa kinachopima umeme pia. Almasi ya maabara nayo hupita, maana ni almasi kweli, ila bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mgodini. Kuhusu ubora, kalamu ni bubu: jiwe la manjano lililojaa nyufa hulia sawasawa na jiwe safi.

Na hata kwa kazi hiyo moja, ina masharti. Iwashe, ngoja kama nusu dakika sindano ipate moto. Soma jedwali la mgongoni linaloonyesha taa ngapi ziwake kulingana na ukubwa wa jiwe na joto la chumba. Wakati wa kaskazi, duka lisilo na kiyoyozi huvuka nyuzi 30, na ukilipuuza jedwali jibu hupotoka. Feni igeuzwe kando. Ncha iguse uso wa juu wa jiwe ikiwa wima, isiguse dhahabu. Ukirudia kipimo, liache jiwe lipoe kwanza, hasa likiwa dogo.

Lenzi nunua ya kukuza mara 10, kwa sababu madaraja ya usafi hupangwa kwa ukuzaji huo. Iwe ya vioo vitatu vilivyounganishwa, la sivyo kingo za jiwe zitaonekana na rangi zisizokuwepo. Zile za bei poa zilizoandikwa 30 au 40 ziache dukani. Ishike karibu kabisa na jicho, kisha sogeza jiwe hadi sentimita 2.5 hivi kutoka kwenye lenzi. Jiwe lioshwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini, kwani almasi hushika mafuta kupita kiasi.

Nukta ndogo ndani ya jiwe hainisumbui: almasi za VS2, na nyingi za SI1, ambayo ni madaraja ya kati ya usafi, hazionyeshi dosari kwa macho matupu. Ninachokiogopa ni ufa unaofika ukingoni, tena uliofichwa chini ya makucha ya pete. Ukitazama kimshazari ukaona kingo za nyuma zimejirudia mbilimbili, hiyo ni moisanaiti. Kwenye mshipi wa jiwe, yaani ukingo mwembamba unaolizunguka, tafuta namba iliyochorwa kwa leza, uilinganishe na cheti, halafu uihakiki kwenye tovuti ya maabara iliyotoa cheti, mfano GIA.

Lakini pesa zangu ningeziweka kwenye mkato kabla ya yote. Almasi ya duara ya karati 1, yaani gramu 0.2, ikikatwa vizuri huwa na upana wa milimita 6.4 au 6.5. Ikiwa na milimita 6.0, uzito umejificha tumboni: unalipia karati nzima na jiwe linaonekana dogo, mara nyingi na giza katikati. Kina cha asilimia 59 hadi 62.5 ya upana ni salama. Rangi hupangwa kuanzia D, isiyo na rangi, hadi Z, yenye umanjano, na kwa pete ya dhahabu ya njano J inatosha kabisa. D ni ya wenye pesa za kuchezea. Usiamue chini ya taa za kabati, hapo hata kioo humeremeta. Toka nalo barazani, kivulini. Sonara akikataa, tafuta mwingine.

Lenzi naipa 4.5 kwa 5, hiyo nusu imepotea kwa kuwa jicho linahitaji mazoezi. Kalamu 2.5. Inafaa kwa pete kuukuu zenye vito vingi, ambapo kimoja kikidondoka huzibwa kwa zirkonia kimyakimya.