Sony RX100 ya mwaka 2012: uzoefu wangu wa kuibeba kila siku Kigoma

Nilianza kutafuta kamera kwa sababu ya bibi yangu wa Ujiji. Jioni moja alikuwa kibarazani anapimia wateja mawese, taa ya sola imening'inia juu ya kichwa chake, nikampiga picha kwa simu. Akaishika simu, akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Makunyanzi yangu umeyapeleka wapi, mjukuu wangu?" Niliingia kwenye mipangilio nikazima ile ya kulainisha uso, nikapiga tena. Safari hii makunyanzi yalirudi, lakini yamevurugika kama rangi iliyomwagiwa maji. Simu ikikosa mwanga picha hujaa punje, na inapozifuta punje hufuta na vitu vidogo vyote vilivyokuwa karibu nazo. Bibi ametimiza miaka 80 na ushee. Sikutaka abaki kwetu kwa picha za namna ile.

Kamera ya kwanza niliinunua kwa papara. Ilikuwa ndogo, mpya, na muuzaji aliisifu kwa zumu ya mara 30. Alilivuta bango la ng'ambo ya barabara mpaka likajaa kioo kizima, nami nikatoa hela. Mchana juani haikuwa mbaya. Ila jua likishazama, ndani ya nyumba au sokoni kwenye vivuli vya maturubai, ilikuwa haina tofauti na simu, na mara nyingine simu iliishinda. Ile zumu niliitumia mara chache kwa mitumbwi iliyokuwa mbali ziwani, basi. Mambo ninayoyapiga mimi kila siku yapo hatua mbili kutoka nilipo: mtoto anakula, dada anasuka nywele, mtu anageuza dagaa.

Nikaiuza kwa hasara, nikakaa chini kusoma. Kilichonifungua macho ni ukubwa wa sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa na sensa ya milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. RX100 ina ya milimita 13.2 kwa 8.8, na ukipiga hesabu ya eneo ni kama mara nne. Wauzaji huiita sensa ya inchi 1, lakini ukiipima kwa rula hutaiona inchi hiyo popote. Jina limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kamera za televisheni za zamani. Baada ya sensa ni lenzi. Ile ya kwanza ilianzia f/3.5, hii inaanzia f/1.8, na namba hiyo ikiwa ndogo ndipo tundu la lenzi linapokuwa pana. Hapo tena mwanga ni karibu mara nne. Zidisha zote mbili: kwenye giza la kibarazani, hii inakusanya mwanga kama mara 15 ya ile. Megapikseli 20 zinazoandikwa kwenye boksi hazikuambii lolote kuhusu hilo.

RX100 niliilinganisha na nyingine mbili. Ricoh GR ina sensa kubwa zaidi na inaingia mfukoni vilevile, lakini lenzi yake haivuti kabisa, na mimi nilitaka walau kuusogeza uso wa mtu bila kumsogelea. Canon G7 X ya mwaka 2014 ina sensa ya ukubwa uleule wa RX100, lenzi yake haipotezi mwanga sana ukivuta, na kioo chake kinainuka kukutazama. Anayejirekodi video mwenyewe namshauri achukue hiyo bila kusita. Mimi nilizokuta zilikuwa juu ya uwezo wangu. RX100 ya kwanza kabisa, kwa kuwa ni ya zamani na matoleo mengine mengi yameshaifuata, niliipata iliyotumika kwa laki tano na nusu.

Kaka yangu aliye Dar ndiye aliyenikagulia, na hapa naomba anayetaka kununua iliyotumika asome polepole. Ya kwanza aliyoletewa ilikuwa safi kama mpya, lakini menyu yote ni Kijapani. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi hazina lugha nyingine, na huwezi kuibadilisha kwenye mipangilio. Akairudisha hapohapo. Ya pili aliiwasha na kuizima mara kumi huku ameiweka sikioni, asikie kama lenzi inatoka bila kukwaruza. Akamulika kioo cha mbele kwa tochi kutafuta mikwaruzo. Kisha akatoka nje, akaweka f/11, akapiga picha ya anga tupu na kuikuza kwenye kioo kutafuta madoa. Doa la kijivu linaloonekana sehemu ileile kila picha ni vumbi lililotua kwenye sensa, na kwa kuwa lenzi ya kamera hizi haichomoki, huwezi kulifuta mpaka fundi aifungue yote. Ile ilikuwa safi. Siku ya tatu nikaipokea stendi, imefungwa ndani ya kanga.

Nimekaa nayo sasa mwaka na miezi kadhaa. Ina gramu 240 pamoja na betri na kadi, kwa hiyo inakaa kwenye mfuko wa gauni, na hilo pekee limenipa picha nyingi kuliko sifa nyingine yoyote. Inachajiwa kwa waya wa kawaida wa simu za zamani, tena betri ikiwa ndani, hivyo umeme ukikatika naichomeka kwenye pawabenki. Betri ya akiba haisumbui kupatikana kwa sababu Sony iliendelea kutumia aina hiyohiyo kwenye matoleo mengine mengi.

Asubuhi nikiwa Kibirizi, mitumbwi inaporudi na dagaa, ndipo naifurahia zaidi. Hapo kuna mtihani ambao kamera yoyote ikiachiwa iamue yenyewe hufeli: mtu mweusi amesimama mbele ya ziwa linalomeremeta. Kamera inaliona ziwa, inapunguza mwanga, na uso wa mtu unakuwa kivuli. Nabonyeza gurudumu la nyuma upande wa chini, naongeza mwanga mpaka +0.7 au +1, uso unarudi. Usiku chini ya taa nafanya kinyume, napunguza kidogo, la sivyo kamera inahangaika na giza la nyuma na kuufanya uso uwe mweupe usiokuwa wake. Kajifunzeni kitu hicho kimoja kabla ya vingine vyote. Ngozi zetu zina rangi nyingi sana ndani yake, na zinastahili kuonekana zote.

Jioni nako kuna raha yake. Jua huku linazama karibu saa moja, zaidi ya nusu saa baada ya Dar, na linashukia nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Giza likiingia na mwezi haupo, wavuvi wanawasha taa za kuvutia dagaa, na ziwa lote linakuwa na vimulimuli mpaka upeo wa macho. Naiweka kamera juu ya mtumbwi uliopinduliwa ufukweni, natega ijipige yenyewe baada ya sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise, naiacha ipokee mwanga kwa sekunde 15. Kila taa inachora kamstari kake kafupi, kwa sababu boti zinayumba na maji. Picha hiyo nilishajaribu kwa simu mara nyingi nikakata tamaa.

Nisifiche na upungufu wake. Ukivuta zumu mpaka mwisho, lenzi inafika f/4.9, na mwanga unapungua zaidi ya mara saba. Kwa hiyo jioni siivuti, nasogea kwa miguu. Mwili wake ni wa alumini laini usio na mahali pa kushikia. Nimeufunga kamba ya mkononi na siitoi bila kuivaa. Haina Wi-Fi, kwa hiyo picha nazihamishia kwenye simu kwa kile kifaa kidogo cha kusomea kadi. Pete inayozunguka lenzi inateleza tu, haibofyi kukuonyesha umegeuza hatua ngapi, mpaka leo naitumia kwa kubahatisha. Na kuna kosa langu mwenyewe. Wiki ya tatu niliitia kwenye mkoba uleule niliotoka nao ufukweni, mchanga ukiwa bado chini ya mkoba, na sasa nina doa moja upande wa juu kushoto wa anga. Tangu siku hiyo inalala ndani ya soksi safi, na mchanga ukipeperuka siiwashi.

Picha ya bibi niliirudia mahali palepale, taa ileile. Zumu sikuigusa, f/1.8, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, niliiweka 1600. Nilienda kuisafisha studio moja ya eneo la Mwanga, saizi ya inchi 4 kwa 6. Umbo la picha za RX100 linalingana sawasawa na karatasi hiyo, wakati za simu yangu zilikuwa zinakatwa juu na chini, na mara nyingi kinachoondoka ni kilemba. Hii ilitoka nzima: kilemba, taa, chupa za mawese zikiwaka wekundu ule wa chungwa, na mkono wake umeshika faneli, kucha zimeingia rangi ya mafuta.

Bibi aliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba shavuni kwenye picha, polepole, mstari kwa mstari. Halafu akaniuliza kusafisha nyingine ni shilingi ngapi, maana anataka ya kumpelekea mdogo wake Kasulu.