Masomo ya 42 hadi 46 ya English Grammar in Use: kauli ya kutendwa kwa msemaji wa Kiswahili

Kitabu hiki cha Raymond Murphy kilitoka mara ya kwanza 1985, na toleo la tano, la 2019, lina masomo 145. Hapa tunayapima matano tu, yale ya kauli ya kutendwa. Kila somo lina kurasa mbili: maelezo kushoto, mazoezi kulia.

Kwa kufundisha maumbo, masomo ya 42 na 43 ni hodari sana. Kiswahili hupachika -w- karibu na mwisho wa kitenzi na kuacha wakati mwanzoni: inajengwa, ilijengwa, itajengwa, imejengwa. Kiingereza hakina kipachiko cha namna hiyo. Wakati wote hubebwa na "be", nalo umbo la tatu la kitenzi halibadiliki: "is being built", "was built", "will be built", "has been built". Mwanafunzi wetu, aliyezoea neno moja, huidondosha "be" na kuandika "The road has built", yaani barabara ndiyo iliyojenga.

Mazoezi ya somo la 43 yatakufaa zaidi ukiandika kwanza sentensi ya kutenda juu ya kila jibu. Chukua "They are building the road". Kitenzi kikuu kina -ing, basi "be" inavaa -ing hiyo na kuwa "being", kisha unafuatisha "built". "Are" inageuka "is" kwa kuwa barabara ni moja. Katika "They have built the road", kilichofuata "have" ni umbo la tatu, basi "be" inakuwa "been". Fanya hivyo kwa sentensi kumi na hutahitaji tena kukariri jedwali.

Somo la 44 linaanza na vitenzi kama "give", na hapo Kiswahili kinakusaidia: alipewa kitabu, "She was given a book". Lakini urahisi huo una mtego ambao kitabu hakiutaji, kwa sababu hakikuandikwa kwa ajili yetu peke yetu. Sisi husema "nimeibiwa simu", na mtu huandika "I was stolen my phone". Kwa "steal", kinachoibwa ni simu, si wewe. Sema "My phone was stolen", au "I had my phone stolen", muundo unaoelezwa somo la 46. Tatizo hilohilo liko kwenye "amefiwa na baba yake" na "tulinyeshewa". Kiswahili kinaweza kumfanya aliyepatwa na jambo kuwa kiima hata pale kitenzi cha asili hakina mtendwa, lakini "die" haiwezi kutendwa kabisa. Andika "His father died" au "He lost his father". Kwa mvua, "We got caught in the rain".

Pengo jingine ni -ika. Kikombe kimevunjika, kikombe kimevunjwa: kwetu ni mambo mawili. Kiingereza nacho hutofautisha, "The cup has broken" na "The cup has been broken", ila kitenzi hakibadiliki sura, kwa hiyo wengi hudhani kila -ika ni kutendwa. Ndipo "mkutano ulifanyika" inapozaa "The meeting was taken place". "Take place" na "happen" hazina kauli ya kutendwa.

Somo la 45 ni la thamani kwa anayeandika habari, maana linafundisha "inasemekana". Angalia wakati tu: inasemekana waziri amejiuzulu ni "The minister is said to have resigned". Ukiandika "to resign", umeiondoa ile -me-.

La 46 wengi huliruka, na ni hasara. Husema "I cut my hair" kwa kufuata "nimenyoa nywele", hata kama kinyozi ndiye aliyeshika mashine. Kiingereza kinataka "I had my hair cut". Fikiria "nimeshonesha gauni": hapo -esha yetu inafanya kazi ileile, "I had a dress made".

Udhaifu mkubwa kwa shule zetu hautoki kitabuni bali kwenye zoezi la kugeuza sentensi, linalomzoesha mtoto kubakiza "by" kila mara. "My bag was stolen by someone" ni sentensi iliyobeba mzigo bure. Mtenda asipojulikana, mwache. Akitajwa pamoja na chombo, "na" yetu ni "by" na "kwa" yetu ni "with": aliuawa na jambazi kwa kisu, "He was killed by a robber with a knife".

Nunua nakala yenye majibu, kwani ipo pia isiyo nayo na inakusudiwa darasa lenye mwalimu. Kitabu hiki cha bluu ni cha kiwango cha kati. Ambaye bado anaandika "was wrote" aanze na kile chekundu, Essential Grammar in Use. Ukinunua fotokopi, fungua kwanza kurasa za nyuma uone kama orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni imo: bila umbo la tatu la kila kitenzi, mazoezi ya masomo haya hayafanyiki.