Besi isiyomeza kanuni: hedifoni tano kwa mpangilio wangu

Hedifoni za kwanza nilizonunua kwa hela yangu zilisifiwa besi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Nilipoweka taarabu, besi ilinguruma hadi mashavu yakatetemeka, ila kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, sikuisikia kabisa, na fidla zilikuwa kama zinapigwa chumba cha pili. Tangu siku hiyo naangalia mambo mawili: besi isimfunike mwimbaji, na trebo, yaani sauti za juu nyembamba, isichome sikio kila anapotamka “s”.

Namba moja kwangu ni Audio-Technica ATH-M50x, iliyotoka 2014. Besi yake imezidishwa kidogo, kiasi kwamba singeli inakupa ngoma yake bila kumpoteza anayeghani. Ina omu 38 (kipimo cha ukinzani wa umeme; namba ikiwa kubwa, simu huishindwa), kwa hiyo simu inaisukuma bila shida, na waya wake unachomoka: ukikatika unabadilisha waya tu.

Ya pili, Sony MDR-7506. Iko sokoni tangu 1991 na bado watu wa redio na studio wanaivaa. Hii imeegemea trebo. Utasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi, na kosa lolote la kurekodi litajianika. Ukisikiliza saa mbili mfululizo, masikio yanachoka. Waya wake umejisokota kama wa simu ya mezani, kero tupu ukiwa kwenye daladala.

Beyerdynamic DT 770 Pro naiweka ya tatu, ingawa mito yake ya kitambaa ndiyo laini kuliko zote hapa. Besi iko juu, trebo iko juu, katikati pamebonyea. Bongo Fleva inachangamka sana humo, lakini sauti ya mwimbaji inarudi nyuma hatua moja. Soma boksi vizuri: ya omu 250 ukiichomeka kwenye simu inatoa sauti ya chini, utadhani mbovu. Chukua ya 80 au 32.

Koss Porta Pro, ya 1984, ni ndogo, nyepesi, na besi yake ina joto. Trebo imelala kidogo. Kwa bei yake sina neno, ila jirani yako atasikia kila unachosikiliza.

Sennheiser HD 600 ya 1997 ndiyo inayotoa sauti ya binadamu vizuri kuliko zote tano, na bado nimeiweka mwisho. Iko wazi pembeni, sauti inaingia na kutoka, ina omu 300, na besi ya chini kabisa inafifia. Ni ya mtu mwenye chumba kimya na amplifaya.

Za bluetooth sikuzipanga. Nyingi huja na besi iliyozidishwa kiwandani, lakini programu zake mara nyingi zina ekwalaiza, yaani sehemu ya kupandisha na kushusha besi na trebo, unaipunguza mwenyewe.

Dukani, usikubali muuzaji akuchagulie wimbo. Weka ule unaoujua kila kona, na linganisha kwa sauti ya kiwango kimoja, maana inayopiga juu zaidi huonekana nzuri hata kama si nzuri. Mwenye miwani, hijabu au misuko minene, zibonyeze taratibu kwa viganja. Besi ikirudi ghafla, ujue hazijakukaa. Omba nyingine kabla hujatoa hela.